Fundo Nililomfungia Oska

Nina miaka thelathini na mmoja. Ni fundi cherehani, nimepanga Chanji, hapahapa Sumbawanga mjini, na kama uliwahi kushonewa sare ya kwaya na dada mmoja mfupi mwenye mdomo, basi huenda unanijua. Niiteni Skola, inatosha.

Nisiwadanganye, naandika haya nikiwa na hasira bado. Wengine huandika mikasa yao wakiwa wameshalia, wameshatubu, wameshasamehe... Mimi nimelia, ndiyo. Kusamehe bado!

Nilikuwa na kaka mmoja tu, Gaudensi. Wazazi wetu wako Kasense, wanalima mahindi na ulezi, na tangu baba aanze kuumwa mgongo, Gaudensi ndiye aliyekuwa akishika jembe. Zamani kaka alikunywa, sifichi. Pombe ya ulezi ilimlaza njiani mara nyingi tu. Lakini alikuwa ameacha! Miaka miwili hajagusa hata ya kuonja. Kila Jumapili wakitoka kanisani mama alikuwa akiwasimulia majirani, mpaka kaka mwenyewe anaona haya.

Alipoacha pombe akapenda kuruka. Huku kwetu Ufipa, pale uwanda unapokatika kuteremka bondeni, mito inaanguka kwenye miamba na kuchimba mabwawa ya duara. Vijana wanapanda juu ya jabali, wanajirusha majini, mwenzao anarekodi kwa simu, video inakwenda mtandaoni. Kiongozi wao alikuwa Oska, kijana wa Malangali, mrefu, nadhifu, anayejua kuongea na watu. Oska ndiye aliyetafuta sehemu mpya, na ndiye aliyepima kina cha maji. Akisema "poa, ruka," mtu anaruka.

Kwa Gaudensi alisema poa.

Kaka aliruka wa kwanza. Chini kulikuwa na gogo lililoletwa na mvua... Walimtoa akiwa ameshakata roho.

Oska alifika Kasense kabla hata ya mwili. Alipiga magoti mbele ya wazee, akatoa machozi, akasema yeye alipima vizuri kabisa, ila Gaudensi alikuja amelewa, akakimbilia upande usiopimwa.

Amelewa! Kaka yangu! Na wazee wakatikisa vichwa, maana nani asiyemkumbuka Gaudensi wa zamani? Nilimtazama mama. Alikuwa amejifunika kanga usoni, na mimi mwanaye nilijua kwamba halii tu. Anaona aibu.

Baada ya mazishi wale vijana wa kundi waliniletea begi walilokwenda nalo bwawani. Ndani kulikuwa na shati la kaka, viatu vyake, na kamba ya kupimia maji ambayo kaka mwenyewe aliinunua. Jamani, mimi kazi yangu ni nyuzi! Nilipoishika tu nikajua. Ilikuwa bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani, na karatasi ya duka imeizunguka haijachanwa. Kamba ile ilikuwa haijaingia majini hata siku moja.

Oska hakupima. Aliangalia maji, akaona meusi, akadhani ni marefu, akamtanguliza kaka yangu. Kisha akamzika na uongo juu.

Nilimwonyesha baba mdogo ile kamba. Akaniambia, "Skola mwanangu, kamba haisemi. Mwache marehemu apumzike." Ningeweza kwenda polisi nayo siku ileile. Sikwenda. Niliona polisi watamhoji, watamwachia, yataisha. Mimi sikutaka yaishe. Nilitaka Oska aumie, tena aumie mbele ya macho yangu! Ndipo fundo liliponikaa moyoni.

Miezi mitatu baadaye nilimfuata Oska kwao Malangali. Nikamwambia nimemsamehe, na kwamba ningependa kushika kazi ya kupima, ili kisitokee tena kilichomtokea kaka. Mnajua alichofanya? Alinikumbatia! Hakuwa mjinga. Dada wa marehemu akionekana naye, nani tena atamsema vibaya? Akanipiga picha hapohapo, akaituma kwa wenzake wote.

Nikaanza kazi. Na niliijua kuliko wao, kwa sababu wao walikuwa wakitafuta sifa na mimi nilikuwa namtafuta mtu.

Nilijifunza kwamba maji meusi si lazima yawe marefu, yanaweza kuwa mafupi yenye jabali jeusi chini. Nilijifunza kwenda bwawani kiangazi, maji yakiwa yamepungua, nione sakafu yake, kisha nirudi baada ya mvua, kwa sababu mafuriko huleta mawe na magogo na bwawa la mwaka jana si la mwaka huu. Niliangalia pa kukanyagia pasiwe na utelezi, na niliangalia pa kutokea, maana mtu anaweza kuruka salama akashindwa kutoka kwa sababu ya mkondo. Mara nyingi niliwaambia "hapa hapana" na wakanisikiliza.

Mle kundini alikuwemo Shija. Kwao ni wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Usukuma, yeye akakulia bondeni upande wa Ziwa Rukwa, na kuogelea alikuwa hana mwenzake. Mimi nikishusha kamba, yeye anazama kuhakikisha kwa mikono. Alianza kwa kuniita dada Skola. Baadaye Skola tu. Baadaye akaanza kupita kibandani kwangu na vifungo vya shati ambavyo nilikuwa na hakika anavikata mwenyewe! Akaniambia wakishavuna atakwenda Kasense kuwaona wazazi. Nilicheka, nikamwambia mama yangu atamuuliza kama anajua ishara ya msalaba. Akasema atajifunza.

Nilimpenda Shija. Naomba mlikumbuke hilo mtakapofika mbele.

Kamba niliyotumia ni ileile ya kaka. Niliichana karatasi yake kwa mikono yangu. Mbele ya kundi zima Oska alinyoosha mikono yake mirefu, na kila pima moja ya mikono yake nikafunga fundo na kushonea kitambaa chekundu. Kamba ikishuka mpaka jiwe nililofunga mwishoni ligote chini, unahesabu mafundo yaliyozama. Sheria ilikuwa moja, maji yakiwa chini ya pima tatu hakuna anayeruka.

Mvua zilipokaribia kuisha nikaona wakati wangu umefika. Nilikuwa nalijua bwawa moja zuri sana kwa macho, lina jabali refu juu na maporomoko pembeni. Kiangazi niliingia humo peke yangu, maji yakanifika kifuani, na chini nikakanyaga mwamba mtupu. Mvua zilikuwa zimeyapandisha, lakini si kwa kutosha. Pima moja na nusu, basi.

Nikakaa kibandani mchana, mlango nimeurudishia, nikafungua mafundo yote na kuyafunga upya kwa nusu ya urefu. Vitambaa vyekundu nikavishonea vilevile. Nilikuwa naimba, wasomaji wenzangu. Nilikuwa nashona kifo cha mtu huku naimba wimbo wa kwaya.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi yenye jua. Maji yalikuwa ya kahawia kwa matope. Nilishusha kamba sehemu tatu, wote wanaona, vitambaa vitatu vikazama. Shija alikuwa anavua viatu azame, nikamwambia apumzike, maji ni baridi na matope hayaonyeshi kitu. Akanitii. Nikamgeukia Oska nikasema, "Pima tatu, ndugu yangu. Salama."

Oska akatabasamu. Akapanda jabalini, akasimama ukingoni, akatazama chini... Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha. Ruka, nilisema kimoyomoyo. Ruka, mwongo mkubwa wewe!

Akageuka nyuma, akasema, "Shija mshikaji, anza wewe. Mimi nitakurekodi."

Jamani... jamani! Ningewezaje kusahau? Oska hakuwahi kuruka wa kwanza maisha yake yote! Hivyohivyo ndivyo alivyomtanguliza kaka yangu. Miezi yote ile nilimsoma Oska, kumbe hilo moja, lililoniulia kaka, sikulisoma.

Sasa naungama kile ambacho hata padri nilimwambia kwa shida. Nilikuwa na muda. Shija alivua shati. Alilikunja. Alipanda taratibu, akanipungia mkono. Muda wote huo ningeweza kusema neno moja. Sikusema! Kwa sababu nikisema, Oska atajua, na ataniponyoka. Nilikaa nikingoja labda atabadili mawazo, labda ataruka yeye...

Nilipiga kelele miguu ya Shija ilipokuwa imeshaachana na jabali.

Hakufa. Mwamba ulimvunja miguu yote miwili na kumuumiza uti wa mgongo. Madaktari walisema hatatembea tena.

Na kilichofuata, nisameheni, kilikuwa kitamu. Watu hawakunishuku hata kidogo, maana mimi ni dada wa marehemu na kundi zima lilinisikia nikipiga kelele. Walisikia tu kwamba Oska amemtanguliza mtu mwingine kwenye maji mafupi. Wakampiga, wakampeleka polisi, akawekwa mahabusu. Na mji mzima ukaanza kusema: kumbe basi hata Gaudensi hakuwa amelewa! Kumbe ni huyuhuyu! Wazee waliotikisa vichwa wakaja Kasense kumwomba mama radhi. Mama akafungua kanga usoni. Jumapili ile alikaa benchi la mbele kanisani, na mimi nikiwa kando yake nikaona Mungu amejibu.

Halafu nikaenda kumwona Shija wodini.

Alinishika mkono, akaniambia asante. Asante! Alisema sauti yangu ndiyo iliyomfanya ajikunje hewani, vinginevyo angetangulia kichwa. Mama yake alikuwa pale, mwanamke wa Kisukuma asiyejua Kiswahili kingi, akanipigia magoti kunishukuru kwa kuwa nilijaribu kumwokoa mwanaye. Nilimwinua, nikatoka wodini bila kuaga. Nilikwenda hivyo siku nne, nashukuriwa, nakimbia. Siku ya tano nikamwambia yote.

Akauliza jambo moja tu.

"Nilipokupungia mkono, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Akageuzia uso ukutani. "Toka, dada Skola," akasema. Dada! Hakunitukana, hakunilaani, aliniita tu kama alivyoniita siku ya kwanza. Sijaruhusiwa kumwona tena.

Nilikwenda polisi mwenyewe. Niliandika maelezo yote, na nilisisitiza habari ya kaka, kwamba Oska hakupima siku ile, kwamba kamba ilikuwa kavu, imekunjwa, ina karatasi ya duka. Yule askari akauliza iko wapi hiyo kamba. Nikamwonyesha, ile pale mezani, imelowa matope, ina mafundo yangu ya uongo na vitambaa vyangu vyekundu. Alinitazama kwa huruma kidogo. "Dada," akasema, "huu ni ushahidi wako wewe, siyo wa Oska."

Oska aliachiwa. Mimi nina kesi, niko nje kwa dhamana, na lolote mahakama itakalosema nitalipokea. Lakini hilo silo linaloniamsha asubuhi nikiuma meno. Ni mtaa! Mtaa umegeuka. Sasa wanasema, si mmeona? Oska alionewa tangu mwanzo. Familia yenyewe ndivyo ilivyo, kaka mlevi, dada muuaji. Kaka yangu amerudi kuwa mlevi kaburini, na safari hii hakuna atakayemtoa, kwa sababu neno langu halina thamani tena. Mama amerudi kujifunika kanga. Anakwenda misa ya alfajiri, anakaa nyuma kabisa, anatoka kabla ya baraka ya mwisho.

Oska alipita kibandani kwangu juzi. Alisimama, akatabasamu lile tabasamu lake, akasema, "Pole sana, dada Skola. Mimi nimekusamehe."

Amenisamehe! Oska! Nilishika mkasi nikaushika kwelikweli, mpaka akaenda zake.

Ninyi vijana mnaoruka, nawaomba, msiruke kwa neno la mtu. Si la rafiki, si la mchumba. Shusheni jiwe wenyewe, zameni wenyewe, na anayekwambia ni salama mwambie atangulie. Akikataa, chukua shati lako urudi nyumbani.

Na wewe uliyeonewa, uliyefiwa, unayejua ukweli na hakuna anayekusikiliza, najua unachokiwaza sasa hivi. Nakijua utamu wake. Chukua ulichonacho ukipeleke kwa wanaohusika leo, wakikufukuza rudi kesho, piga kelele mpaka wakuchoke, lakini mikono yako usiitie. Mimi nilikuwa na haki mkononi. Leo Oska ni mtu safi Sumbawanga nzima, na aliyemsafisha ni mimi. Wa kwako usimsafishe.