Mke Mwenza wa Chuma

Gasant wa Athlone alifungua boneti ya gari lake, Kortina ya mwaka sabini na mbili, akakuta rangi ya ekzosi imevuliwa. Sisemi imebabuka. Imevuliwa, ipo sakafuni nzima nzima, nyeusi, kama gamba la nyoka. Na mimi magari mabovu ya mji huu wa Cape nayajua kuliko wenyewe. Kitu kama hicho sijakiona tena.

"Hukukwangua kutu," alisema mkewe, Gadija.

"Nilikwangua mpaka vidole vikalia!"

Zilibaki wiki mbili kufika maonyesho ya magari ya zamani. Gasant akaizungushia ile mirija minne ya ekzosi utepe wa kuzuia joto, kama anafunga bandeji. Kesho yake adhuhuri Gadija alishtuka usingizini, utepe uko shingoni mwake, mizunguko mitatu, wa moto.

"Gasant! Gari lako linaninyonga!"

Hapo ndipo mume alipokiri. Rangi ya kuhimili moto haikomai mpaka iokwe, naye aliioka pamoja na mirija kwenye oveni ya Gadija, oveni ya keki za maulidi, akaiwasha bila bismillahi, huku akiibembeleza mirija: "Mzuri wangu, hakuna wa kukufikia."

"Mimi hujaniambia hivyo tangu ndoa," Gadija alinong'ona.

Kumbe kiumbe cha moto kilisikia kinasifiwa. Nani asingekuja? Nyumba ikaanza kunuka chuma kilichoungua, na kila Gadija alipomsogelea mumewe injini iliyozimwa ilipiga mluzi kule gereji, mwembamba, wa kike, ukapanda ukapanda mpaka vikombe vikatetemeka kabatini na nywele za Gadija zikaanza kujikunja ncha kwa joto ambalo hakuna mwingine aliyelihisi.

Wakamwita Bi Galiema, muuza samaki anayejua kusomea maji. Akanusa boneti.

"Jike hili. Linataka mume. Nguo duni amezitupa; umebakiza kumvika nini?"

"Kauri, Bi Galiema. Ile ya kupuliziwa kiwandani. Inang'aa kama fedha, joto lote linabaki ndani."

"Umjengee na nyumba kabisa? Iache mirija uchi, ishike kutu. Jini jike haketi uchi mbele za watu."

"Kutu kwenye maonyesho? Watanicheka mpaka Paarl!"

"Basi mzike mkeo, uende ukang'ae."

Maji ya chumvi yakasomewa, yakamwagwa juu ya mirija. Siku ya tatu mirija ilikuwa myekundu kama tofali, harufu imekwisha, na Gadija akalala usingizi wa watu.

Jumapili ya maonyesho, kombe lilichukuliwa na Riedwaan, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Gasant, ekzosi hiyo uliiokota baharini?" Riedwaan alicheka, akafunua boneti yake. Mirija ya kauri, nyeupe kama fedha. Injini ilizimwa tangu asubuhi, lakini Gasant alipoinama alihisi joto shavuni, akasikia mluzi ule ule, mwembamba, safari hii ukimchezea mwanamume mwingine.

Hakula biriani siku hiyo. Kombe hakulitaja hata mara moja.

Jumatatu, baada ya alasiri, Gadija alichungulia dirisha la jikoni. Mumewe alikuwa amelala juu ya injini, msasa mkononi, akisugua kutu na kulia, mdomo umebanwa kwenye tundu la mrija.

"Rudi. Yule Riedwaan hajui hata kukushika. Nitakuvika kauri, safu mbili."

Kisha sauti ya kike ikatoka ndani ya chuma kilichopoa, ya taratibu, kama mtu anayevua bangili.

"Na yule wa jikoni?"

"Nitamwacha."

"Mwache sasa. Nikisikia."

Gadija alitaka kukimbia, lakini kitasa cha mlango kilimuunguza kiganja. Gasant akainua kichwa, akamwona mkewe dirishani, akajipangusa masizi midomoni, ili neno la talaka limtoke vizuri.