Goti la Gundi

Kila asubuhi Cheche alifagia chumba cha mbele, akaokota pini zilizolala sakafuni kabla hazijamchoma mtu, kisha akaipangusa cherehani ya mama yake vumbi. Mama alikuwa fundi wa nguo, na chumba hicho kilikuwa duka mchana na sebule jioni. Kazi ikiisha, msichana alikunywa chai wima wima, akachukua mpira wake uliochakaa na kuudunda njia nzima mpaka shuleni. Majirani walishazoea. Aliyekuwa bado kitandani alijua kwa mdundo huo kwamba kumekucha.

Jina la Cheche alilipata uwanjani, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa hasira. Alikuwa nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, na kitambaa chake cha unahodha alikifua mwenyewe kwa mkono, hata mama hakuruhusiwa kukigusa.

Timu yao ilikuwa na tabia moja iliyomkera: ilishinda bila kupendeza. Mechi nyingi ziliisha kwa vikapu vichache, timu pinzani ikiwa imechoka na watazamaji wakipiga miayo. Wavulana wa darasa la juu walisema kwamba mtu aliyekosa usingizi akawatazame hao wasichana wakicheza. Cheche alicheka nao, lakini rohoni aliungua.

Mchawi, kwa hesabu zake, alikuwa Gundi. Huyu alikuwa msichana mfupi na mkimya, mlinzi wa timu, na kazi yake ilikuwa kumganda mchezaji hatari wa upande wa pili. Akishakuganda, basi umekwisha. Hata ukienda kunywa maji unageuka kutazama kama amekufuata. Lakini kufunga hakujua. Akipewa mpira karibu na kikapu aliutoa upesi kana kwamba unaunguza mikono.

Muhula huo akahamia shuleni kwao msichana mrefu ambaye siku ya kwanza tu walimwita Mnara. Mnara alirusha mpira kutoka popote na ukaingia. Mwalimu wa michezo alianza kumpa dakika chache chache ili ajifunze uchezaji wa wenzake. Cheche aliona wanapoteza muda, akamwendea mwalimu na kumshauri amtoe Gundi na kumwingiza Mnara tangu mwanzo.

"Na mchezaji wao hatari atashikwa na nani?" mwalimu aliuliza.

"Hatutahitaji kumshika, mwalimu. Wao wakifunga kimoja, sisi tutafunga viwili."

Mwalimu alicheka, akasema hesabu hiyo ni nzuri ikiwa ubaoni, lakini Gundi atabaki pale alipo. Cheche aliondoka amenuna.

Sasa, timu hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mwaka uliotangulia mchezaji mmoja alificha maumivu ya kifundo cha mguu asije akawekwa benchi, akacheza, na akaishia hospitali. Tangu siku hiyo, kabla ya kila mechi mwalimu alimuuliza nahodha faraghani nani anaumwa. Mchezaji mwenyewe hakuulizwa, maana wote walijulikana kwa kusema wako wazima. Neno la nahodha likishatoka, limetoka.

Siku moja kabla ya mechi, mwalimu aliuliza kama kawaida. Cheche alitazama pembeni.

"Gundi goti linamsumbua," alisema. "Anachechemea akidhani hatumwoni."

Mwalimu alimshika bega na kumshukuru kwa kumjali mwenzake. Shukrani hiyo ilimchoma kidogo, lakini Cheche aliifukuza upesi kama nzi. Gundi alipoambiwa apumzike alishangaa, akasema haumwi popote. Mwalimu alitabasamu kwa upole, kwa sababu ndivyo wote walivyosema. Basi Gundi akakaa benchi, akashika chupa za maji.

Mechi ile walicheza na timu dhaifu. Mnara alifunga, Cheche akafunga, kila mtu akafunga. Wavulana wa darasa la juu waliruka na kupiga makofi. Kichwa cha Cheche kilivimba, akajiambia kwamba uongo wenyewe ulikuwa mdogo na faida yake kila mtu ameiona.

Mechi iliyofuata, Gundi akiwa bado benchi, haikuwa na mchezo. Wapinzani walikuwa na msichana mmoja mdogo wa mwili, mtumiaji wa mkono wa kushoto, aliyepita katikati yao kama mtu anayepita sokoni kwenye njia aliyoizoea. Mnara alifunga upande huu, akarudi akitembea. Yule wa mkono wa kushoto alikuwa ameshafunga upande ule. Cheche alijaribu kumshika mwenyewe, akaambulia faulo. Kutoka benchi Gundi aliita mpaka sauti ikakauka, "Mzibie kushoto! Kushoto!" Hakuna aliyejua kumziba. Siku hiyo walifunga vikapu vingi kuliko siku yoyote ya maisha yao, na walishindwa.

Baada ya mechi, wakiwa kwenye darasa walilotumia kubadilishia nguo, mwalimu aliingia na kikopo kidogo cha dawa ya kuchua. Alikuwa amekinunua mwenyewe. Alichuchumaa mbele ya Gundi.

"Goti linaendeleaje, mwanangu? Nahodha wako aliniambia linavyokutesa."

Gundi alimtazama mwalimu, kisha akainua macho taratibu na kumtazama Cheche, ambaye alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi. Cheche aliona wazi jinsi mwenzake alivyoelewa kila kitu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Linaendelea vizuri, mwalimu," Gundi alisema. "Limeacha kuuma." Akapokea kikopo cha dawa, akashukuru, akakitia mfukoni.

Hakumchongea. Cheche angeweza kuvumilia matusi, hata kofi, lakini kukingiwa kifua na mtu aliyemdhulumu kulimmaliza nguvu. Alipotoka nje alimwona baba yake Gundi, mwoka mikate, akiondoka na binti yake. Mzee huyo alifanya kazi usiku na kulala mchana. Siku hiyo alikuwa ameacha usingizi wake ili aje kumtazama mwanawe akicheza, na unga ulikuwa bado kwenye viatu vyake. Alitembea mbele kwa hatua za haraka akisema jambo kwa ukali. Gundi alimfuata nyuma ameinamisha kichwa.

Jioni chakula cha Cheche hakikupungua sahanini. Mama alimtazama binti yake akikichezea, akaacha kukatia nyuzi gauni la mteja, akamuuliza kuna nini. Cheche alianza kusema amechoka, kisha akayamwaga yote. Mama hakumpigia kelele. Alikunja gauni la mteja polepole, akaliweka kando.

"Unaona aibu?" aliuliza mwishowe.

"Sana, mama."

"Vizuri. Basi kesho asubuhi nenda nayo kwa mwalimu ikiwa bado ya moto hivyo hivyo. Ukikaa nayo utaizoea, mwanangu, halafu utaanza kujiambia hukufanya kitu."

Asubuhi Cheche hakudunda mpira. Aliubeba kwapani, na majirani wawili watatu walichungulia dirishani kuona kama anaumwa. Alimkuta mwalimu mlangoni mwa ofisi ya walimu, akapiga moyo konde na kusema alichokuja kusema. Alikisema akitazama viatu vyake.

Mwalimu aliweka vitabu chini. Uso wake ulishuka, na Cheche aliona kwamba hasira haikuwapo. Alikuwa ameumia, na yeye ndiye aliyemuumiza.

"Mimi siwezi kuwa kila mahali," mwalimu alisema. "Nahodha ni macho yangu nikiwa sipo. Sasa hebu niambie, kuanzia leo nitumie macho ya nani?"

Cheche alikitoa kitambaa cha unahodha kwenye begi, akakiweka juu ya vitabu bila kuambiwa. Mwalimu alikipokea. Akasema mechi ijayo, ile ya kuamua nani anaingia fainali ya mashindano ya shule, Cheche ataitazama akiwa benchi. Pia atawaeleza wenzake ukweli kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha akaongeza kwamba kuna mtu mmoja zaidi anayestahili kuusikia, mtu aliyeacha usingizi wake.

Wachezaji waliposikia, wengine waliguna, wengine wakamtazama juu mpaka chini. Mnara ndiye aliyemuumiza zaidi. Alikuwa amefurahia nafasi ile mpaka akamwandikia bibi yake, na sasa aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi niliingia kwa uongo?" Cheche hakuwa amemfikiria Mnara hata kidogo. Alimwomba radhi, kisha akamgeukia Gundi na kumwomba radhi pia, machozi yakimtiririka.

"Kwa nini hukusema mbele ya mwalimu?" alimuuliza.

Gundi alikuwa akifunga kamba za viatu. "Ningesema, na wewe ungetolewa. Tulikuwa tumeshapigwa tukiwa na mtu mmoja benchi. Tuongeze wa pili?" Akavuta fundo, akainuka kwenda mazoezini. Hakusema amesamehe, na Cheche hakuthubutu kuuliza.

Baada ya shule alikwenda kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Aliingia kwa mlango wa nyuma, joto la tanuri likampiga usoni. Mwoka mikate alikuwa akikanda donge kubwa kwenye meza ndefu, mikono imezama mpaka karibu na viwiko. Cheche alimwamkia, akasimulia. Mikono ya mzee ilikwenda ikipungua mwendo, na mwishowe ikasimama.

"Siku ile nilimgombeza njia nzima," alisema. "Nilimwambia mvivu haitwi uwanjani. Nikamwambia amenipotezea usingizi wangu bure. Hakunijibu neno."

Cheche alilia. Mwoka mikate hakumbembeleza. Alikwangua unga vidoleni polepole, akatazama tanuri.

"Wewe umepata pa kuja kuomba radhi," alisema. "Na mimi leo naenda kuomba kwa mtoto wangu. Rudi nyumbani, jua linazama. Mwambie mama yako nimekusikia."

Siku ya mechi, mwalimu aliwaanzisha Gundi na Mnara pamoja. Nafasi iliyokuwa ya Cheche ndiyo iliyotolewa. Cheche alishika chupa za maji. Mwanzoni alishindwa hata kuinua macho, maana aliona uwanja mzima unamtazama yeye. Kisha mchezo ukamvuta, na kwa mara ya kwanza aliutazama kwa nje.

Mfungaji wa wapinzani, msichana mwenye mabega mapana, alipokea mpira akakuta Gundi yuko mbele yake. Akageuka, Gundi yuko. Akatoa pasi kwa hasira, ikaenda mbovu, Mnara akaiokota na kufunga. Ubaoni ziliandikwa pointi za Mnara. Ikawa hivyo tena na tena. Kipindi cha pili yule wa mabega mapana alianza kukwepa mpira mwenyewe, na wenzake wakaanza kulaumiana. Hayo yote Cheche hakuwahi kuyaona, kwa sababu alipokuwa uwanjani alikuwa akitazama kikapu tu.

Katika dakika ya mwisho timu yao ilikuwa mbele kwa pointi moja. Wapinzani walikuwa na mpira. Yule wa mabega mapana akaupata karibu kabisa na kikapu, akaruka, na Gundi, mfupi vile, akanyoosha mkono na kusimama imara bila kumgusa. Mpira ulirushwa vibaya, ukagonga ukingo na kutoka nje. Filimbi ikalia. Mwoka mikate alisimama akapiga makofi juu ya kichwa chake, unga ukamtoka mikononi.

Wenzake waliporukiana katikati ya uwanja, Cheche alibaki kwenye benchi. Hakujua kama furaha ile ni yake. Mwalimu akaja akaketi kando yake.

"Umeona nini kutoka hapa?"

"Nimeona vikapu ambavyo havikuingia, mwalimu."

"Ubao ule haujui kuvihesabu, lakini vinashinda mechi. Timu inamtaka mfungaji, na inamtaka wa kumzuia mfungaji wa wenzetu. Kutolijua hilo si dhambi. Ungebishana nami wazi wazi, ningekuelewesha taratibu, au ungenishawishi. Lakini ulipotumia uongo uliniziba macho. Ukamnyima Gundi haki yake, ukaiharibu furaha ya Mnara, na baba wa watu akamgombeza mtoto asiye na kosa. Ukitaka jambo, lidai kwa ukweli, hata kama utashindwa. Kitambaa chako ninacho. Siku nitakapoona naweza kulala usingizi kwa neno lako, nitakurudishia."

Cheche aliitikia. Alipotaka kuinuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa, akayumba na kushika ukingo wa benchi. Kivuli kifupi kikasimama mbele yake. Gundi, akihema na jasho likimchuruzika, alitia mkono mfukoni, akatoa kikopo cha dawa ya kuchua. Kilikuwa bado hakijafunguliwa.

"Chukua ujichue," alisema. "Benchi linachosha miguu kuliko uwanja. Mimi nalijua."

Kisha akaketi kando yake, akamwomba maji.