Maji ya Bafu na Pazia la Karela

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuuma, Kanoko Hibino alibeba ndoo mbili za maji hadi nyumba ya jirani. Katika mji wa Tajimi majira ya joto si mchezo. Ikifika saa tatu paa huwa haligusiki, na paka wote wamejikunyata chini ya magari. Kanoko alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa kutafuta njia ya mkato.

Jirani mwenyewe alikuwa Bibi Fusae, mjane aliyeishi peke yake. Dirisha lake kubwa lilitazama kusini na kumeza jua kutwa nzima, na ndiyo sababu darasa la tano lilimchagua. Mwalimu Ogiso alikuwa amewagawa wanafunzi wawili wawili, kila jozi ikapewa nyumba ya mzee mmoja. Walifunga wavu kutoka chini hadi ukingo wa paa, wakapanda miche ya karela, mmea utambaao wenye matunda machungu, kwenye makasha marefu ya udongo, na mvua za mwezi wa sita zilipokwisha dirisha lote lilikuwa limefunikwa kwa majani. Wenyewe huliita pazia la kijani. Jua linaishia kwenye majani, upepo unapita, na chumba kinapoa bila kula umeme.

"Kila nyumba ikiwasha kiyoyozi, mitambo ya umeme inachoma gesi na makaa zaidi," Mwalimu Ogiso aliwaambia. "Hewa chafu inazidisha joto duniani. Joto likizidi, tunawasha viyoyozi tena. Tunakaangwa kwa mafuta yetu wenyewe."

Bibi Fusae hakuhitaji kuambiwa. Kiyoyozi alikuwa nacho, lakini alikifunika kitambaa kama mtu anayefunika kioo. "Mtu mmoja, mashine nzima? Hiyo ni israfu," alisema. "Karela zenu zinanitosha."

Kanoko alimwagilia asubuhi, na mwenzake Soma, mtoto wa mtaa wa chini, alimwagilia jioni. Pipa la mvua la Bibi lilikuwa limekauka. Bomba lake lilikuwa nyuma ya nyumba, na maji yalitoka kwa kusitasita, mpaka mtu achoke kusubiri. Lakini maji ya bafu yalikuwapo. Kama nyumba zote za mtaa ule, kina Kanoko walijisugua na kujisuuza kwanza, kisha ndipo walipoingia mmoja mmoja kwenye bafu la maji moto kupumzisha mwili. Maji hayo hubaki safi, na kesho yake hufulia nguo au kumwagilia maua. Mwalimu aliyaruhusu kwa sharti moja.

"Yakitiwa unga wa kuogea, msiyatumie. Unga ule una chumvi. Siku hiyo mkinge bombani."

Mama yake Kanoko alikuwa akipanga vigae kiwandani, na mwezi wa saba mabega yakaanza kumuuma. Akawa anatia unga bafuni kila usiku, unga wa kijani wenye harufu ya msonobari. Asubuhi ya kwanza Kanoko alisimama na ndoo zake, akayatazama yale maji ya kijani, akalikumbuka bomba la Bibi na wenzake waliokuwa wakimsubiri kwenye bwawa la kuogelea la shule. Akajiambia kuwa mara moja haidhuru. Kesho yake ikawa mara moja nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, na chumvi nayo haikuacha kujaza kibaba chake ndani ya yale makasha.

Soma ndiye aliyegundua kwanza.

"Kanoko, hebu njoo. Haya majani yana nini?"

"Joto hilo. Hata wewe umeiva usoni."

"Joto gani linaanzia pembeni mwa jani? Tazama, kama yameunguzwa na pasi."

Kanoko alitazama, akayakumbuka yale maji ya kijani. Tangu siku hiyo alikwenda kukinga bombani, akavumilia bomba na kusitasita kwake, na hakumwambia mtu. Alidhani maji safi yangeifuta dhambi kimyakimya. Mficha uchi hazai, na Kanoko aliuficha wake kwa mikono miwili. Majani yalizidi kukauka, kwa kuwa chumvi ilikuwa imekwisha kukaa udongoni na ndoo moja moja haikutosha kuitoa.

Mwalimu Ogiso alipokuja kukagua, alikuta nusu ya pazia imekuwa ya kahawia. Aliwauliza wote wawili. Soma aliinamisha kichwa.

"Mwalimu, jioni mbili sikuja. Tulikuwa na mazoezi ya besiboli. Nilisahau."

"Na wewe, Kanoko?"

"Mimi nilikuja kila siku."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoharibu zaidi. Uongo uliovaa nguo za ukweli ni mgumu kuvuliwa. Shuleni wenzao wakampa Soma jina la Kiangazi, wakawa wanamwomba asije kukaa karibu nao wasije wakanyauka. Soma alicheka nao kwanza. Baadaye akaacha kucheka, akawa anakuja kwa Bibi asubuhi, mchana na jioni, akimwagilia mashina yaliyokwisha kufa. Kanoko alimwona kupitia dirisha la kwao, akafunga pazia.

Wiki ile vipaza sauti vya mtaa vilitangaza kila asubuhi kwamba joto ni la hatari na watu wasitoke bila sababu. Wavu wa Bibi Fusae ulibaki na kamba na vijiti. Jua liliingia chumbani hadi kwenye mikeka. Alitundika shuka kuukuu, akawasha feni, na kitambaa cha kiyoyozi hakukigusa.

Mchana mmoja Mama alimtuma Kanoko ampelekee Bibi kipande cha tikitimaji. Kanoko alibisha hodi, hakuitikiwa. Akavua viatu, akaingia. Bibi Fusae alikuwa amelala chini ubavu karibu na feni, feni ikimpulizia hewa ya moto. Uso ulikuwa mwekundu, ngozi kavu, haina hata tone la jasho. Kanoko alimwita. Midomo ilicheza, lakini maneno hayakuwa maneno.

Akapiga simu ya dharura. Sauti ya mwanamke ikamwambia awashe kiyoyozi, alete barafu, aiweke shingoni na kwapani, amloweshe. Kanoko alivuta kile kitambaa kwa nguvu hadi kikachanika. Akafungua friji, akakuta vibarafu vichache tu. Hapo ndipo Soma alipotokea uani na ndoo yake.

"Soma, lete hayo maji."

"Haya ya karela?"

"Karela zimekufa. Lete."

Wakalowesha taulo, wakamfunika Bibi, wakazilowesha tena. Kanoko alimpepea kwa gazeti mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Wahudumu walipombeba, mkono wake mmoja ulining'inia kando ya machela, na Kanoko aliuona mwembamba kuliko alivyowahi kuuona. Usiku ule hakula. Mama alidhani ni hofu tu. Ilikuwa hofu, na chini yake kulikuwa na kitu kizito zaidi.

Bibi Fusae hakufa. Alipoanza kupokea wageni hospitalini, Mwalimu Ogiso aliwachukua watoto wote wawili, na Mama akaenda nao. Bibi alikuwa ameegemezwa mito. Alizungumza polepole, akitafuta kila neno kama mtu anayetafuta kitu gizani, na mguu wa kulia haukumtii, kwani joto lilikuwa limemgusa ubongo.

"Mwalimu," alisema, "wasikemewe watoto. Nimefikiri sana hapa. Karela niliziua mimi. Nilikuwa nazipa maji niliyooshea mchele. Nilidhani nazisaidia. Kazi yenu yote nimeiharibu."

"Hapana, Bibi," Soma akadakia. "Ni mimi. Zile jioni mbili."

Kanoko alisimama kati yao. Mmoja aliyasahau maji, mwingine aliyatoa kwa mapenzi, na wote wawili walikuwa wakigombania mzigo ambao ulikuwa wake. Alitaka mtu amuulize, lakini hakuna aliyemuuliza, maana hakuna aliyemshuku.

"Ni maji ya bafu," alisema. "Yenye unga. Nilijua yana chumvi. Nilimwagilia siku nyingi kwa sababu nilichoka kusubiri bombani. Nilipoona majani yanaungua nikanyamaza."

Mama aliketi polepole kwenye kiti cha wageni, akafunika mdomo. Soma akatoka nje. Bibi Fusae hakumkemea. Aligeuza uso ukutani, akafumba macho. Kanoko aliinama mpaka kichwa kikakaribia magoti, akaomba radhi, na uso wa Bibi haukurudi.

Kule nje ukumbini alilia. Mwalimu Ogiso alimwacha alie, kisha akaketi kando yake.

"Kanoko, kumwaga yale maji lilikuwa kosa la mtoto mvivu. Ungeniambia siku ile majani yalipoanza kuungua, tungebadili udongo, au tungetundika vivuli vya matete dirishani siku hiyohiyo. Bibi asingelala hospitali. Kosa la kwanza liliua mimea. Ukimya wako ndio uliomfikia mtu."

"Atanisamehe, Mwalimu?"

"Sijui. Hilo ni lake. Lako ni kutengeneza kinachotengenezeka. Nami nina langu. Niliwasifia pazia mpaka nikasahau kumwambia Bibi kwamba siku ya joto la kuua, kiyoyozi si israfu. Pazia ni la kupunguza umeme. Si la kupunguza watu."

Kesho yake Kanoko alisimama mbele ya darasa akayasema yote, na jina la Kiangazi likafa siku hiyo. Soma hakuzungumza naye wiki nzima. Lakini Jumamosi alikuja kwa Bibi na vivuli viwili vya matete begani, akamkuta Kanoko akikomba udongo wenye chumvi kutoka kwenye makasha.

"Shika upande huo," alisema. Wakavitundika pamoja. Darasa likazungukia nyumba za wazee wote, likakagua mapazia na kuhakikisha kila kiyoyozi kinafanya kazi.

Bibi Fusae alirudi nyumbani majira ya joto yalipokwisha na majani ya mlimani yalipokuwa mekundu, akitembea kwa mkongojo. Mguu haukupona sawasawa. Mama alikuwa ameshona kile kitambaa cha kiyoyozi kilichochanika, lakini Bibi alikikunja akakiweka kabatini. "Joto likizidi tena nitawasha kiyoyozi," alisema. "Nilikuwa nabana umeme, nikajisahau mimi."

Mwezi wa tano uliofuata Kanoko na Soma walijaza makasha udongo mpya, wakafunga wavu, wakapanda. Asubuhi ya kwanza Kanoko alikuja na ndoo zake. Alikuwa amesubiri bombani mpaka miguu ikamfa ganzi. Alipoinua ndoo, dirisha lilifunguliwa, na Bibi Fusae akachungulia. Tangu hospitali alikuwa hajamwambia Kanoko zaidi ya salamu.

"Hayo maji umeyaonja?"

Hakuwa akitania. Kanoko aliweka ndoo chini, akachovya kidole, akakiweka ulimini.

"Hayana chumvi, Bibi."

"Ndoo ya pili?"

Akachovya tena, akaonja. "Nayo haina."

Bibi Fusae aliegemea mkongojo wake.

"Maji yaliyomwagika hayazoleki, mwanangu. Mguu wangu ndio huo, na mimi nimeshaacha kuuulizia. Lakini yaliyo ndani ya ndoo bado ni yako. Ukikosea, sema siku ileile, hata kama kosa ni dogo kama punje ya chumvi. Likikawia ndipo linapoua." Akasukuma dirisha likawa wazi zaidi. "Haya, mimina. Kesho nitakuuliza tena."

Akamuuliza kesho, na keshokutwa, na kiangazi kizima. Na kila asubuhi, kabla ya kumimina, Kanoko alionja.