Kitanda cha Tano

Wodi ya watoto njiti ilikuwa na vitanda vya joto vinne. Kwenye skrini vilionekana vitano.

"Mama Pacha, njoo uone," muuguzi alinong'ona kwenye simu, mchana kweupe. "Cha tano kina joto, kina pumzi. Nani amelala humo?"

Mama Pacha ndiye aliyekuwa akiitunza programu ya wodi. Alipofika mlangoni tu, pua yake ikakutana na harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi ile. Skrini ilisema watoto wote wana joto zuri. Muuguzi akaingiza mkono kitanda cha pili, akashtuka.

"Huyu mtoto anapoa! Mbona skrini inasema ana joto?"

Haraka wakamweka kifuani kwa mama yake aliyeketi kando, wakamfunika blanketi, waya wa kipimo ukiwa bado mwilini mwake. Mama Pacha akaketi kwenye kompyuta, akaifungua programu. Kila kitanda kilikuwa na uzi wake, yaani kipande cha programu kinachokimbia peke yake kupima joto. Nyuzi zote ziliachiwa kuandika zenyewe kwenye skrini, bila zamu wala ruhusa, zikifutiana. Katika vurugu hiyo, mkono usio wa mtu ulikuwa umejipenyeza.

Kisha spika zikaanza kuhema, polepole, pumzi nzito yenye majimaji, na taa zikafifia moja baada ya nyingine kuelekea walipokuwa, na harufu ya udongo ikawajaa kooni mpaka muuguzi akashika shingo yake, na ndani ya kule kuhema ikatoka sauti nyembamba ya mtoto yenye uchovu wa mzee.

"Nipeni kitanda changu. Nilikuwa hapa kabla ya kuta zenu."

"Tukimbie, mwenzangu," muuguzi akanong'ona.

"Tukimbie, na hawa tumwachie nani?" Mama Pacha akaigeukia skrini. "Wewe! Nimelea pacha peke yangu kwenye chumba kimoja. Leo unitishe kwa kuhema?"

Akaanza kuandika upya. Kuanzia sasa uzi mkuu, ule unaoendesha programu yenyewe, peke yake ndio utakaogusa skrini. Nyuzi nyingine zitaweka vipimo vyao kwenye foleni, kila kimoja na namba ya kitanda chake, na uzi mkuu utavichukua kwa zamu. Kisicho na kitanda kitatupwa nje.

Vitufe vikapata moto kama jiko. Herufi zikaanza kujifuta.

"Futa," akaiambia ile sauti, vidole vikimwungua. "Mimi naandika."

Ikafuta. Akaandika. Ikafuta tena. Akaandika huku akiisomea kwa sauti, mstari kwa mstari, kama mama anayemkaripia mtoto mtukutu, kisha akaiwasha programu.

Vitanda vinne. Cha pili kikaonyesha baridi ya kweli na king'ora kikalia kwa nguvu. Muuguzi akacheka huku analia, kwani sasa skrini ilikuwa inasema kweli. Taa zikarudi.

Jioni, mtoto akiwa amepata joto, muuguzi akachungulia foleni. Katikati ya vipimo vya watoto kilipita kimoja kisicho na namba, baridi kama jiwe. Uzi mkuu ukakitupa. Kikaja kingine.

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Na akikaa hapo milele?"

Mama Pacha akapaka dawa vidole vyake, akavuta kiti karibu na skrini.

"Akae. Hapa hapati kitanda."