Taa ya Kijani Kitendaguro

Tarehe 14 Machi 1991, siku ya Alhamisi, jua likizama, Jayant Suryakant Laxmidas, fundi redio wa mjini Bukoba, alifika nyumbani kwetu Kitendaguro kubadilisha kengele aliyoifunga kibanjani, shamba letu la migomba.

Ndugu zetu wawili, waliorudi salama kutoka vitani mwaka 1979, walikwisha kuzikwa kwa ugonjwa ule usiotajwa. Dada yetu Alistidia alikuwa chumbani, hawezi kusimama. Kila jioni kengele ililia: waya uliofukiwa chini ya majani ya migomba umekanyagwa. Kaka yangu Datius alisema anayekuja ni Kemilembe, mjane wa Rweyemamu, mmoja wa ndugu zetu hao marehemu, aliyekaa kibanda cha nyuma ya makaburi yao. Aliapa kumfukuza kesho yake kama mchawi.

"Kengele ile ilikuwa somo la kwanza," alisema Jayant, akipachika kidude cheusi chenye miguu kama jongoo. "Inajua pamekanyagwa, basi. Hiki nimekiandikia programu nyingine. Nyaya mbili: mmoja kizingitini, mwingine makaburini. Kinakumbuka upi umetangulia kukanyagwa. Mtu akija, taa nyekundu. Akitoka, kijani."

"Kitamjua mchawi, Mhindi wewe?" alicheka Datius.

"Kinajua mguu tu, mzee."

Nilitaka Kemilembe aketi nasi sebuleni, ili kengele ikilia ionekane si yeye. Aliketi mkekani, mikono mapajani.

Giza likaingia.

Harufu ikatangulia... lubugo, ile nguo ya gome tuliyowazikia ndugu zetu. Kisha majani makavu huko nje. Chakacha... chakacha...

Kengele ikalia.

"Waitu, jamani, mimi nipo hapa," alinong'ona Kemilembe.

Taa ilikuwa ya kijani.

Hakuna aliyefungua mlango. Jayant aliung'oa waya wa betri.

Taa haikuzimika.

Niliingia chumbani na kibatari. Alistidia alikuwa amekata roho, mwili umeanza kupoa. Nyayo zake zilikuwa na udongo mbichi.

Kulipokucha Datius alimfukuza Kemilembe hata hivyo, akaung'oa na mlango wa kibanda chake. Mjane alishika njia ya kwao Muleba, mzigo kichwani. Hakuruhusiwa hata kumzika wifi yake. Jayant hakuja tena.

Hadi leo Datius huwasimulia watu wa Kashai kwamba mashine ya Mhindi ilimnasa mchawi akiingia. Sivyo. Mimi niliketi mbele ya taa ile. Jioni hiyo hakuna aliyeingia nyumbani kwetu. Kuna aliyetoka.