Kinda Aliyeliliwa Bure

Siku walipokutana, duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mwanamke alikuwa mhariri wa filamu, amevaa blauzi ya kijani na raba nyeupe, amekuja kununua waya. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu aliyebeba koti nene kama godoro, na nje jua lilikuwa linawaka.

"Kaka, unahama na kitanda?" alimuuliza.

Mwanamume akacheka, akaeleza. Alikuwa mpimaji wa barafu. Alikuwa ametoka ncha ya kusini ya dunia kupima jinsi barafu inavyoyeyuka, akarudi na picha za video za saa sitini. Alitaka watu wa kawaida nao wazione, si wataalamu wenzake tu, lakini hakujua kuunganisha hata picha mbili. Kufikia jioni mhariri alikuwa na picha zote, pamoja na namba ya simu ya mpimaji.

Miezi miwili walifanya kazi katika chumba cha mhariri, chenye dirisha moja na feni yenye kelele. Mhariri akimpigia simu asubuhi alimwita Bwana Barafu; naye akamwita laazizi, kwanza kwa utani, kisha bila utani. Filamu ilipokaribia kwisha, mhariri alimwonyesha mama yake. Mama alisinzia dakika ya nne. Alipoamshwa alisema barafu ni nzuri, ila unaitazama hujui umhurumie nani.

Maneno hayo yalimkaa mhariri moyoni. Wiki hiyo mpimaji alikuwa safarini kikazi. Mhariri akachukua picha ya kinda wa pengwini, ndege asiyeruka, amesimama peke yake kwenye theluji, akaiweka mara tu baada ya ukuta wa barafu kuanguka baharini. Kwenye simu alisema amerekebisha kidogo tu.

Filamu ikaonyeshwa katika ukumbi wa maktaba. Watu walilia. Taa zilipowashwa, mama mmoja mwenye gauni la zambarau aliuliza kama yule kinda alimpata mama yake. Mpimaji akasimama, shati limelowa mgongoni. Akasema kinda alipigwa picha siku nne kabla ya ukuta kuanguka, mahali pengine, na mama yake alikuwa hatua tatu pembeni. Minong'ono ikapita ukumbini. Mtu wa nyuma akauliza kama hayo ya kuyeyuka nayo yalitungwa.

Siku tisa mpimaji hakupokea simu. Ya kumi akapokea.

"Nilitaka wasilale," mhariri alisema.

"Hawakulala. Ila sasa hawaniamini. Miaka sita napima, umeifuta kwa ndege mmoja."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo maana ilibidi uniambie."

Mhariri akamwomba watafute ukumbi tena. Mpimaji alisema ukumbi utapatikana, watu ndio hawatakuja. Mhariri akasema watu aachiwe yeye. Alichukua orodha ya waliohudhuria, akawapigia mmoja mmoja, yeye anayeona haya hata kuuliza njia.

Walikuja nusu. Mhariri alisimama mbele na gauni lake jeusi.

"Mpimaji hana kosa," alisema. "Niliyewaliza kwa uongo ni mimi."

Akawaonyesha filamu ya kwanza, kisha mpya. Katika mpya, kinda alitembea hadi kwa mama yake, na ukuta wa barafu ulisimama dakika nzima kabla ya kuanguka. Hakuna aliyelia. Lakini mama wa gauni la zambarau aliuliza barafu hiyo hupimwaje, mwingine akauliza inapungua tangu lini, na maswali yakaendelea mpaka mlinzi akaja na funguo.

Kwenye ngazi za nje mpimaji alisema anarudi barafuni mwezi ujao, kwa miezi mitano.

"Nikirudi tufunge ndoa," alisema.

"Hapana," mhariri akajibu. "Miezi mitano ni mingi kumsubiri mchumba. Mume nitamsubiri."

Ndoa ilifungwa wiki mbili baadaye.