Alama Mbili za Rangi ya Kucha

Duka la kamera lilikuwa limefurika watu, na darubini zilikuwa mbili tu dirishani. Mpiga picha za harusi, gauni la buluu limemkaa sawasawa, alikuwa ameikumbatia ile ndogo ya lenzi aliposikia sauti nyuma yake.

"Hiyo itakuponza, dada. Kama ni kuangalia mbingu, chukua ile ya kioo kikubwa."

"Kwani nimekuuliza? Mimi nataka kupiga picha. Hilo pipa lako halifuati nyota. Picha itatoka mistari mitupu."

"Na hiyo yako kwa jicho utaona nini? Ukungu?"

Aliyesema hivyo alikuwa fundi miwani, shati jeupe, miwani yenyewe minene kama kitako cha glasi.

"Nyinyi mmeoana?" mama mwenye duka aliuliza.

"Hapana!" walijibu pamoja.

"Mbona mnagombana kama mliooana?"

Miezi mitatu baadaye walirudi wameshikana mikono, wakanunua darubini moja ya kuwatosha wote: lenzi ya wastani, si kubwa ya kumridhisha fundi wala ndogo ya kumfurahisha mpiga picha. Mwanamume alinunua bomba lenye lenzi. Mwanamke alinunua stendi yenye mota inayoifuata nyota polepole. Wakaiweka juu ya paa la nyumba aliyopanga fundi.

Kila jioni fundi alivua miwani, akatazama kwanza. Mwenzake alipoinama baada yake aliona uji mtupu, akazungusha kigurudumu cha kurekebishia picha mpaka ikatulia.

"Macho yako mabovu, Macho Manne wangu."

"Yalikuona wewe, laazizi. Hayajawa mabovu kiasi hicho."

Siku moja alasiri simu ya mpiga picha iliita. Alikuwa shoga yake wa saluni.

"Shoga, umekaa? Macho Manne wako katoka hapa sasa hivi. Kanunua rangi ya kucha. Nyekundu!"

"Labda ni yangu."

"Wewe? Kucha zako unazikata kama mwanajeshi! Tena kaniambia nisikwambie."

Dalili ya mvua ni mawingu. Mpiga picha alipanda ngazi za paa jioni ile kifua kikimuuma kwa wivu, wala si kwa ngazi.

"Karibu, mpenzi. Hebu uone mwezi."

Aliinama. Mwezi ulikuwa safi, kila shimo na ukingo wake. Na hakuwa amegusa kigurudumu.

"Nani alikuwa hapa?"

"Mimi."

"Mwenye macho mazima ni nani? Ukitazama wewe, mimi huona uji!"

Fundi akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililommaliza.

"Unacheka? Huyo wa kucha nyekundu ndiye unayemleta hapa?"

"Nani kakwambia habari za..."

"Lisemwalo lipo! Kesho nakuja kuchukua stendi yangu. Baki na bomba lako, uangalie naye."

Fundi naye aliumia. "Kama ndivyo unavyoniona, chukua."

Usiku ule fundi alipiga simu mara saba. Mwanamke aliificha simu chini ya mto, kisha akawa anaitoa kuona kama bado inaita.

Mchana uliofuata alifika na bisibisi. Fundi alikaa juu ya ndoo. Mpiga picha alilegeza skrubu ya kwanza, akashika lile bomba dogo la kutazamia, linaloingia na kutoka kigurudumu kikizungushwa, na hapo akaona mistari miwili myekundu, myembamba. Pembeni ya mmoja paliandikwa "mimi", pembeni ya mwingine "wewe", kwa kalamu ile ile fundi anayoandikia lenzi za wateja.

"Nini hiki?"

"Nikivaa miwani, jicho langu huwa kama lako. Nikatafuta mahali pako, nikaweka alama; jana nililiweka hapo kabla hujainama. Wino wa mistari ulifutika kwa vidole, ndiyo nikatafuta rangi ya kucha. Nilichoka kukuona unaanza na uji kila jioni."

Mpiga picha aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na furaha ikamzidi aibu. Lakini wivu hauondoki kwa siku moja.

"Na shoga yangu alikuuziaje? Alikushika mkono?"

"Alinijaribishia kidogo kwenye kidole."

"Kidole gani?"

Fundi akanyoosha kidole cha mwisho. Ukucha ulikuwa mwekundu. Mpiga picha aliukwangua kwa kucha zake fupi mpaka rangi yote ikatoka.

"Nisamehe," alisema, bado ameushika mkono. "Hiyo chupa iko wapi? Itupe."

"Siitupi. Nimetumia matone mawili tu." Fundi akaitoa mfukoni. "Nataka kukuoa. Watoto wakija watataka alama zao, na hatujui watakuwa na macho ya nani."

Mpiga picha alichukua bisibisi, akaikaza upya ile skrubu mpaka ikagoma.

"Nipe hiyo chupa," alisema, akaitia mkobani mwake. "Itakaa kwangu."